MWENYE KUGAWA KURA ZAKE SI MSALITI

Lipo neno linalopita katika mabaraza yetu ya Unguja na Pemba, nalo si neno la kufumbiwa macho. Husemwa kwamba wapo miongoni mwetu ambao katika karatasi ya Zanzibar hukipa chama kura yao, na katika karatasi ya Muungano wakampa mtu mwingine. Au humchagua Mwakilishi wetu, na Mbunge wetu wakamwacha. Wasemao hayo huyamaliza kwa hukumu moja: mtu huyo ni ndumilakuwili, afukuzwe. Wengine hutaka matawi yafanye uchunguzi, mtu aulizwe mlangoni kwake alimpa nani na kwa sababu gani. Sisi tunaona ni wajibu wetu kulipinga shauri hili waziwazi kabla halijageuka ada, na kabla halijakipotezea chama kitu kisichonunuliwa kwa fedha, nacho ni imani ya mpiga kura.

Tunalolisema ni jepesi kutamka, ijapokuwa kwa baadhi yetu litakuwa zito kumeza. Mwenye kugawa kura zake hakutusaliti. Ameulizwa maswali zaidi ya moja, naye ametoa majibu zaidi ya moja. Kazi ya chama si kumwadhibu kwa jibu lake, bali ni kujiuliza kwa nini katika swali moja tulimridhisha na katika swali la pili hatukumridhisha.

Ili tulitazame jambo hili bila ya hasira, na tutoke kwanza katika ugomvi wa nyumbani. Tuvuke bahari, tupite Dodoma na Singida, mpaka tufike Songwa, kata iliyomo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Hapo ni jirani na Mwadui, ulipo mgodi wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940. Watu wa nchi ile hulima pamba na mtama, hufuga ng'ombe, na baadhi yao hutafuta riziki katika almasi. Na ukizidi kwenda magharibi ukaingia Geita, riziki inayotafutwa ardhini ni dhahabu. Mtu wa Songwa hana ugomvi na sisi, wala sisi hatuna ugomvi naye. Kwa hiyo tunaweza kumtazama kwa jicho la insafu.

Siku ya uchaguzi mtu huyo hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Watu wa mbali hudhani kuwa karatasi hizo tatu zinauliza neno moja, yaani, wewe ni wa chama gani? Lakini yeye aliyesimama katika kituo anajua kuwa sivyo. Rais ndiye mwenye Serikali, na Serikali ndiyo yenye hisa katika mgodi mkubwa, ndiyo itoayo leseni kwa Tume ya Madini, na ndiyo iliyoirekebisha sheria ya madini mwaka 2017. Mbunge ndiye wa kusimama Dodoma na kuuliza kwa nini bei ya pamba imeanguka. Ama Diwani, yeye hukaa katika halmashauri, na katika halmashauri ndiko unakoingia ushuru wa huduma, ambao kampuni hulipa kwa kiasi cha mauzo yake. Tena tangu marekebisho yale ya 2017, kampuni ya madini hutakiwa kila mwaka kupeleka kwa halmashauri mpango wa mambo itakayowafanyia wananchi wanaouzunguka mgodi, ukajadiliwe na kukubaliwa. Kwa hiyo kisima kikichimbwa au kisichimbwe, darasa likiezekwa au lisiezekwe, Diwani ana la kujibu.

Jee, mtu wa Songwa akimpa Rais wa chama hiki na Diwani wa chama kile, ametenda uhaini gani? Amemtaka mmoja kwa ajili ya nchi, na mwengine kwa ajili ya kisima. Huenda kwa Rais ametazama amani na bei ya pamba. Na kwa Diwani ametazama nani asiyekula fedha za halmashauri. Rais hatafika kijijini kuhesabu madawati, na Diwani hatakwenda ng'ambo kutia saini mikataba. Mpiga kura amepima kila mzigo kwa mizani yake. Huo ndio uungwana wa akili, wala si undumilakuwili.

Wala mambo haya si mapya katika nchi ya Wasukuma na jirani zao. Mwaka 1965, chama kilipokuwa kimoja tu Bara, wapiga kura waliulizwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa Mwalimu Nyerere, ndiyo au hapana. La pili lilikuwa kuchagua mmoja kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwengine alama ya nyumba. Kwa Mwalimu walisema ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini mkono ule ule uliomkubali Rais uliwaangusha Mawaziri wake. Katika walioanguka alikuwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mkubwa wa Mwanza, aliyejenga vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba kabla ya uhuru. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini mwaka ule wakulima wenyewe ndio waliochagua kati ya jembe na nyumba, na walichagua kwa macho yaliyo wazi. Hawakuwa na chama cha pili cha kukikimbilia, na juu ya hivyo waliligawa neno lao: kiongozi wa nchi tunaye, mjumbe wetu tunambadilisha.

Vyama vingi viliporudi, tabia hiyo ikaonekana wazi zaidi. Tuchukue Bariadi Mashariki, ambayo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya kuundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Mwaka 2005, na tena mwaka 2010, jimbo lile lilimpeleka Bungeni John Cheyo wa UDP. Miaka yote miwili UDP haikuwa na mgombea wa Urais. Basi kila mtu aliyempa Cheyo kura yake ilimlazimu ama kuiacha wazi karatasi ya Rais, ama kuvuka mpaka wa chama na kumpa mtu wa chama kingine. Hapana njia ya tatu. Na hatujui mtu mwenye akili timamu aliyewaita watu wa Bariadi wasaliti wa UDP. Wao ndio walioipa UDP kiti chake cha pekee cha jimbo katika Bunge zima.

Mwaka huo wa 2010, katika majimbo mengine ya Shinyanga ya wakati ule, yaani Maswa, Meatu na Bukombe, watu walichagua Wabunge wa CHADEMA, ilhali Rais aliyetangazwa kwa nchi nzima alikuwa wa CCM kwa zaidi ya asilimia 60. Mbunge wa Maswa Magharibi, John Shibuda, alikuwa amekwisha kuwa Mbunge kwa tiketi ya CCM kabla ya kuhamia CHADEMA. Kwa hiyo waliomchagua mara zote mbili walimfuata mtu, hawakufuata bendera. Na pale Shinyanga Mjini matokeo ya Ubunge yalitangazwa kwa tofauti ya kura moja tu. Kura moja, ndugu wanachama! Chama kinachofikiri kumfukuza mwanachama kwa sababu ya karatasi moja kati ya karatasi zake, na kijiulize kama kina kura za kutupa.

Pengine mtu atasema: hao ni watu wa Bara, na sisi tuna mambo yetu. Basi tupande mwambao wetu wenyewe mpaka Kwale, kusini ya Mombasa, kwa watu wa lugha yetu na wengi wao wa dini yetu. Nchini Kenya, tangu mwaka 2013, mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja, na wanasiasa humsihi awape zote sita kwa pamoja. Mwaka 2022 watu wa Kwale walimpa Raila Odinga kura nyingi zaidi za Urais, na wakamchagua kuwa Gavana Bibi Fatuma Achani wa UDA, chama cha mshindani wake, William Ruto. Walimjua Bibi Achani tangu alipokuwa Naibu Gavana wao. Na Urais walikuwa na shauri lao jingine. Kwale haikupasuka kwa hilo, wala bahari haikukauka.

Na katika dunia pana mifano ni mingi. Katika mji wa Delhi, India, mwezi wa Mei 2014 chama cha BJP kilichukua viti vyote 7 vya Bunge la nchi. Hata mwaka haukutimia, Februari 2015 wapiga kura wa mji huo huo walikipa chama cha AAP viti 67 kati ya 70 vya baraza la Delhi. Mwaka 2019 wakairudishia BJP viti vyote 7. Mwaka 2020 wakaipa AAP viti 62. Hawakuwa wamerukwa na akili kila mwaka. Walikuwa wakisema: huyu kwa mambo ya nchi, na yule kwa maji, umeme na skuli. Scotland nayo, ambayo imo ndani ya muungano kama sisi, mwaka 2010 ilikipa Labour viti 41 kati ya 59 vyake katika Bunge la Uingereza. Na mwaka 2011 ikakipa SNP viti 69 kati ya 129 vya Bunge la Scotland. Mtu wa muungano ana serikali mbili, na hapana ajabu kuwa na fikra mbili.

Sasa turudi Visiwani. Mtu wa Songwa anapewa karatasi tatu, sisi tunapewa tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani kwa upande mmoja, Rais wa Muungano na Mbunge kwa upande wa pili. Tume ni mbili na Katiba ni mbili. Ulinzi, polisi, uraia, fedha na mambo ya nje yamo mikononi mwa Muungano. Skuli, hospitali, ardhi na kilimo cha Zanzibar vimo mikononi mwa Serikali ya Zanzibar. Ikiwa palipo na serikali moja watu hugawa kura, itakuwaje palipo na mbili?

Juu ya hayo, ni kweli kwamba kwa miaka mingi mpiga kura wa Visiwani hakugawa sana. Aliyekuwa wa chama alikuwa wa chama kutoka karatasi ya kwanza hata ya mwisho. Historia yetu ilikuwa kali, na mtu alichukua chama kama alivyochukua ukoo. Lakini dalili zilikuwapo zamani. Mwezi wa Oktoba 1985, katika enzi ya chama kimoja, palikuwa na kura mbili za ndiyo na hapana. Kwa Rais wa Muungano, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipata katika nchi nzima zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Kwa Rais wa Zanzibar, Mzee Idris Abdul Wakil hakufikia theluthi mbili, na hapana za Pemba zilikuwa nyingi. Chama kilikuwa kimoja na mwezi mmoja. Lakini mtu wa Visiwani alikuwa na la kusema katika karatasi ya kwao, akalisema kwa njia pekee aliyoachiwa.

Kisha upinzani wenyewe ndio uliomfundisha mpiga kura kugawa. Hili ndilo tunaloomba lisomwe mara mbili na wale wanaotaka kufukuza watu. Mwaka 2015 vyama vinne vya UKAWA vilikubaliana kumsimamisha Edward Lowassa wa CHADEMA kwa Urais wa Muungano, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akasimama Zanzibar. Mgombea mwenza wa Lowassa, Mzee Juma Duni Haji, mtu wa CUF tangu zamani, ilimbidi aingie CHADEMA ili sheria imruhusu kusimama. Mwanachama wa CUF wa Wete au wa Mji Mkongwe aliambiwa na viongozi wake: karatasi hii mpe CUF, na karatasi ile mpe CHADEMA. Naye akatii, na akasifiwa kwa kutii. Mwaka 2020 mambo yakazidi. Chama cha ACT-Wazalendo kilikuwa na mgombea wake wa Urais wa Muungano, Bernard Membe, na jina lake lilikuwamo katika karatasi. Na juu ya hivyo viongozi wake wakubwa, Maalim Seif na Zitto Kabwe, walitangaza hadharani kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe alipata pungufu ya asilimia 1. Mwanachama aliyempa Maalim Seif karatasi ya Zanzibar na Lissu karatasi ya Muungano aliwafuata viongozi wake. Aliyempa Maalim Seif na Membe alikifuata chama chake. Jee, yupi kati ya hao tumwite msaliti?

Na mwaka 2025 hata khiari hiyo haikubakia. ACT-Wazalendo kilikuwa na mgombea wa Urais wa Zanzibar, Othman Masoud Othman. Kwa Urais wa Muungano kilimteua Luhaga Mpina, mtu wa Kisesa katika Meatu ile ile tuliyoitaja, Tume ikamwondoa. CHADEMA nayo haikuwamo katika uchaguzi. Basi mpinzani wa Visiwani aliingia kituoni ana mtu wa kumpa katika karatasi moja, na katika karatasi ya pili hana wa kwake. Alichofanya na karatasi ile ya pili ni siri yake na Mola wake.

Hatuyasemi haya kwa kuwalaumu viongozi waliopanga mapatano ya 2015 na 2020. Hesabu yao ilikuwa na maana. Katika uchaguzi wa Zanzibar, tangu kura ya maoni ya Julai 2010 iliyopita kwa asilimia 66.4, chama kinachoshika nafasi ya pili na kufikia asilimia 10 ya kura za Urais hupata nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hiyo kura ya aliyeshindwa Zanzibar haiendi bure. Inabaki na kiti chake. Katika uchaguzi wa Muungano hapana kiti cha wa pili. Mwenye kura nyingi kuliko wenziwe huchukua chote, na aliyebaki hurudi kwake mikono mitupu. Mwenye akili akiziona sheria mbili zisizofanana hutumia hila mbili zisizofanana: hapa humpa wa chama chake, ijapokuwa hana uhakika wa kushinda; na kule humtafuta mpinzani mwenye nguvu zaidi, ijapokuwa si wa chama chake. Huyo hakuyumba. Ameisoma sheria kuliko baadhi yetu tunaomsema.

Wala tusisahau somo la Oktoba 25, 2015. Siku moja, katika vituo vile vile, mkono ule ule ulitia karatasi za Muungano na karatasi za Zanzibar. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar akaufuta uchaguzi wa Zanzibar, na ule wa Muungano ukasimama. Wabunge waliochaguliwa Visiwani siku ile wakaenda Dodoma wakala kiapo, na Wawakilishi waliochaguliwa na watu wale wale wakabaki majumbani mpaka Machi 2016, uchaguzi uliporudiwa bila ya CUF kushiriki. Ikiwa Tume mbili zilizipa kura za siku moja hukumu mbili, basi mpiga kura asilaumiwe kwa kujua kwamba karatasi hizi si kitu kimoja.

Hata hivyo, insafu yataka tuseme na upande wa pili. Si kila kura iliyogawanywa imetoka katika akili huru. Wapo waliogawa kwa kilo ya mchele au kwa kanga. Wapo waliogawa kwa khofu: mtoto yumo kazini serikalini, na baba akaona bora atie mguu mmoja huku na mmoja huku. Wapo waliochanganyikiwa na wingi wa karatasi, wakatia alama pasipotakiwa. Na wapo, tena hao ndio watuumizao zaidi, waliomwacha Mbunge wetu kwa sababu hawakumwona jimboni tangu alipoapa. Kila mmoja katika hao ana dawa yake. Wa mchele dawa yake ni elimu, na kumshitaki mnunuzi. Wa khofu dawa yake ni ulinzi wa siri ya kura. Aliyechanganyikiwa dawa yake ni mafunzo ya tawi. Na aliyemwacha Mbunge mvivu hana maradhi. Maradhi ni Mbunge. Fukuzo si dawa ya hata mmoja wao.

Na tufikirie lile shauri la kuuliza watu milangoni. Upinzani umedai tangu vyama vingi kurudi kwamba kura iwe ya siri, kwamba sheha asisimame mlangoni mwa kituo akitazama nani aingia na nani atoka. Leo tuwatume makatibu wa matawi wakafanye kazi ile ile tuliyoikataa kwa sheha? Mwanachama atakayeulizwa na tawi lake alimpa nani atajifunza jambo moja tu: kusema uwongo. Atatuambia tunalotaka kulisikia, na siku ya uchaguzi atafanya alitakalo, na sisi tutabaki na daftari lililojaa wanachama na sanduku lisilojaa kura. Ukimulika nyoka, anza miguuni pako.

Basi nini lifanywe? Sisi tunatoa mashauri manne.

La kwanza, kila mgombea wetu aende kwa watu na kazi ya karatasi yake. Mwakilishi aseme atafanya nini katika skuli, hospitali na ardhi. Mbunge aseme atafanya nini katika mambo ya Muungano, na kwa nini mvuvi wa Kojani au mkulima wa Makunduchi amhitaji mtu Dodoma. Kusema tu "sisi ni wa chama" hakutoshi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mgombea mwenye yakini ya kura za chama hulala.

La pili, uteuzi wetu wa ndani uwe wa haki. Mara nyingi kura iliyogawanywa siku ya uchaguzi ilianza kugawanyika siku ya uteuzi, pale watu wa jimbo walipomtaka mmoja wakaletewa mwengine. Tukiwaletea mtu wasiyemtaka, tusistaajabu wakimrejesha.

La tatu, tutakapofanya mapatano na chama kingine kwa karatasi ya Muungano, wanachama waelezwe mapema, kwa maneno wazi, katika kila tawi, na waruhusiwe kuuliza. TANU wenyewe, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, walipolazimishwa na sheria ya mkoloni kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, waliwaomba wanachama wao wawape kura hata watu ambao wakati ule hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Walilikata shauri hilo mbele ya mkutano wao wa Tabora, Januari 1958, baada ya mabishano makali, na ndiyo maana watu waliwafuata. Mwanachama akishirikishwa katika shauri hulibeba, na akiamrishwa tu hulitupa njiani.

La nne, mawakala wetu wahesabu kila karatasi kwa nafsi yake, na wachukue nakala ya matokeo ya kila karatasi katika kila kituo. Tukizijua tofauti baina ya kura za Mwakilishi na za Mbunge katika kituo kimoja, tutajua pasipo kumuuliza mtu yeyote jina lake ni wapi tulipopendwa na wapi tulipochokwa. Huo ndio uchunguzi wa halali. Sanduku litatuambia kweli, wala halitamtaja mtu.

Ndugu wanachama, chama si ndoa ambayo mtu akitazama pembeni ameivunja. Chama ni chombo, na abiria wa chombo ana haki ya kuutazama upepo. Yule aliyetupa kura tatu akatunyima mbili bado ametupa tatu; tukimfukuza, uchaguzi wa 2030 atatunyima zote tano, na watoto wake pamoja naye. Tukimwendea kwa adabu, tukamwambia: "Ahsante kwa tatu ulizotupa, tuambie, mzee wetu, zile mbili tumekosa nini?", huenda akatuambia jambo ambalo mikutano yetu yote ya hadhara haijatuambia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa matawi, Unguja na Pemba, walitupe shauri hili la kufukuzana, na wawakemee wanaolieneza. Kura ya mwanachama ni amana yake. Ajapo na tano tumpokee, ajapo na moja tumpokee, na zilizobaki tuzitafute kwa kazi.